Ulaya hutoza, Marekani hutoa nafuu: sera mbili za nishati

Tangu mwaka 2005, Umoja wa Ulaya umeuwekea bei moshi wa viwanda na mitambo ya umeme: kampuni inayohusika hulazimika kuwa na kibali kwa kila tani ya hewa ya ukaa inayotoa, na jumla ya vibali hupunguzwa hatua kwa hatua. Marekani haina bei ya namna hiyo kwa nchi nzima; sheria iliyotiwa saini na Rais Biden Agosti 2022 iliwapa nafuu ya kodi wanaozalisha umeme wa jua na upepo na wanaotengeneza betri.

Naona njia ya Ulaya ni ya haki zaidi, kwa kuwa anayechafua ndiye anayelipa, na pia imedumu: nyingi ya nafuu za Marekani zilifupishwa au kufutwa kwa sheria ya Julai 2025, baada ya utawala kubadilika. Hata hivyo, viwanda haviendeshwi kwa haki peke yake. Marekani ina gesi yake nyingi na ya bei nafuu, inayochimbwa kwa kupasua miamba, ilhali Ulaya iliegemea mno gesi ya Urusi hadi nchi hiyo ilipovamia Ukraine mwaka 2022. Kiwanda cha amonia, malighafi ya mbolea, hutumia gesi kama mwokaji anavyotumia unga, wala si kama kuni tu. Bei ya gesi ilipopanda, BASF, kampuni kubwa ya kemikali, ilitangaza mwaka 2023 kufunga mtambo mmoja wa amonia huko Ludwigshafen, Ujerumani. Leo meli zilizosheheni gesi iliyogeuzwa kimiminika hutoka Louisiana na Texas kuelekea bandari za Ulaya hiyohiyo.