Kitasa cha mlango: cha ufunguo, cha namba au cha simu?

Nimevipanga kwa swali moja: intaneti ikizimika na simu ikiishiwa chaji, utaingia ndani?

1. Kitasa cha namba chenye tundu la ufunguo. Kwa mlango wa mbele, ningechukua hiki. Mtoto habebi ufunguo wa kupoteza, na fundi unampa namba yake unayoifuta akimaliza kazi. Namba hukaa ndani ya kitasa chenyewe, hivyo hakisubiri ruhusa ya seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyo mbali. Vingi hutumia betri ndogo nne na hulia zikikaribia kuisha. Wewe usizisubiri zilie mara ya pili. Vipo visivyo na tundu la ufunguo, ila kwa nje chini vina ncha mbili za kugusishia betri ya volti 9. Kisicho na tundu wala ncha hizo, kirudishe rafuni. Badilisha namba mara kwa mara pia, kwa sababu vitufe huchakaa: namba yako ikiwa na tarakimu nne tofauti na vitufe vinne vikaanza kung'aa, mwizi habaki na namba 10,000 za kujaribu bali 24.

2. Kitasa cha ufunguo mtupu. Silinda ya pini, ile sehemu unayoingiza ufunguo, iliyoboreshwa na Mmarekani Linus Yale Jr. miaka ya 1860 ndiyo bado iko kwenye milango mingi, na haijawahi kuomba nywila. Ubaya wake ni nakala: ukihamia nyumba mpya hujui nani amebaki na ufunguo. Badilisha silinda peke yake, kitasa kibaki.

3. Cha simu kwa Bluetooth. Hakihitaji intaneti mlangoni, lakini usalama wake unategemea aliyeandika programu. Mwaka 2018 watafiti walifungua kufuli la Tapplock kwa sekunde mbili hivi, kwa kuwa siri ya kulifungua ilitokana na anwani ya Bluetooth ambayo kufuli lenyewe lilikuwa likiitangaza hewani. Chuma kizuri, siri iko nje!

4. Cha waifai kinachotegemea seva ya kampuni. Ni raha kumfungulia mgeni ukiwa safarini, sikatai. Ila waifai hula betri haraka, na mlango wako unakuwa na mwenye nyumba wa pili. Agosti 2017 kampuni ya vitasa LockState ya Marekani ilituma sasisho la programu lisilo sahihi, vitasa kama 500 vikagoma kusikia namba. Wateja wakaambiwa wang'oe kipande cha nyuma wakirudishe kiwandani au wasubiri kipya.

Ukikitaka hata hivyo, muulize muuzaji masasisho ya usalama yataendelea hadi lini. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inamlazimu mtengenezaji kuutaja muda huo. Akibabaika, mwombe akuoneshe kile cha 2, cha ufunguo mtupu.