Kisu cha baba kimerudi mezani: uzoefu wangu na fundi wa Kadutu

Baba alipofariki nilichukua vitu vyake viwili, redio na kisu cha kukunja. Redio haikudumu. Kisu ni Opinel namba 8 ya Ufaransa, mpini wa mbao, na kwenye ubapa umechorwa ule mkono wenye taji. Baba alikuwa akitumenyea muwa nacho, na sisi watoto tuligombania kuzungusha ile pete ya shingoni, inayozuia ubapa usije ukajikunja juu ya vidole.

Kilikaa kwenye droo miaka mingi, na aliyeishi Bukavu anajua mvua zetu. Mbao ilivimba, ubapa ukang'ang'ania ndani. Baba alikuwa na dawa yake: anagonga kitako cha mpini mezani, ubapa unachomoza. Nikagonga, wapi! Nimevunja kucha mbili bure.

Mara ya kwanza nilikosea fundi. Nilimpelekea mtu anayenoa mapanga kwa mashine. Alikifungua kwa koleo, akakisugua kwenye jiwe cheche zikiruka, akanirudishia kinang'aa. Nyumbani ndipo nilipoona ncha imegeuka buluu. Chuma cha aina hii kikifika nyuzi 300 hivi za joto, ndiyo rangi kinayotoa, na ugumu wake unakuwa umepungua. Nyanya ilinionyesha yote: katikati kisu kilikata, nchani kiliponda. Niliumia kama niliyemvunjia baba kitu akiwa hai.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja karibu na soko la Kadutu, hapa hapa Bukavu. Ana meza, jiliwa, tupa tatu na mawe ya kunolea ndani ya beseni la maji. Mashine hana. Alikishika kisu muda mrefu bila kusema neno, akafungua na kufunga pete. Akaniambia ni cha kabla ya mwaka 2000, kwa sababu pete inakaza ubapa ukiwa wazi tu. Za baadaye zinakaza hata kisu kikiwa kimekunjwa. Pete yenyewe ilianza 1955, basi kisu cha baba kilitengenezwa katikati ya hapo. Mimi nilikuwa nacho miaka yote hiyo na sikujua.

Halafu akauliza kitu ambacho sitakisahau. Alikuwa ameshika msasa, akaona herufi mbili zilizochongwa kwenye mpini.

"Mama, hii maandiko ni ya nani?"

"Ni ya papa yangu."

Akaweka msasa chini. Mpini wote aliusafisha kwa kitambaa na mafuta ya kitani, na zile herufi hakuzigusa.

Kazi kubwa ilikuwa kuikausha mbao. Hakuiweka juani, alisema ingepasuka. Aliifukia ndani ya kopo la mchele mkavu. Ilipokauka akakunja kipande cha msasa, akakipitisha kwenye ufa ambamo ubapa unalala, hasa pale shingoni, kidogo kidogo, akijaribu kila mara. Akamalizia kwa kupaka nta ndani ili unyevu usiingie tena. Ncha ya buluu aliiondoa kwa tupa, akichovya majini kila baada ya mikwaruzo michache. Ubapa ulikuwa na sentimita 8.5, leo nimepima nikapata 7.9. Nimeukubali upungufu huo. Kutu nyekundu aliitoa yote kwa majivu na ndimu, lakini ile rangi ya kijivu iliyobaki karibu na mkunjo aliikatalia katakata nisimwambie aing'arishe. Hiyo, alisema, inakilinda chuma.

Mwisho akanoa kwa jiwe na maji, nyuzi kama 20 kila upande, kisha kwenye mkanda wa ngozi. Karatasi ya daftari ilikatika bila sauti.

Malalamiko ninayo. Aliniahidi wiki moja, zikawa tatu, na simu yake haipokelewi, lazima uende mwenyewe. Pete nayo bado inacheza kidogo. Alijaribu kuibana, akaacha, akihofia kuivunja. Nililipa dola 12. Kwa bei hiyo unapata visu vipya kadhaa vya kichina sokoni, najua, na watu wa nyumbani wameniambia hivyo. Ningelipa tena. Ukienda, nenda asubuhi kabla ya mvua, kwa sababu anafanyia kazi chini ya turubai na mvua ikianza anafunga. Na usikipitishe kisu chako kwenye mashine ya mtu yeyote kwanza.

Jumapili nilikatia nacho ndimu za sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Nikasahau kukifuta, na baada ya kula nikakuta doa jipya la kijivu katikati ya ubapa. Nimelipaka mafuta kidogo, nimeliacha hapo hapo.