Uzoefu wangu na gundi ya M-Bond 610 kwenye titani

Kazi yangu ni kubandika streni geji kwenye vipuri vya ndege kabla havijafungwa kwenye mashine ya majaribio. Geji ni kikaratasi chembamba cha foili: kipuri kikivutika, nayo huvutika, ukinzani wake wa umeme unabadilika, nasi tunasoma hapo kipuri kimevutika kiasi gani.

Zamani tulitumia geji za kuchomelea kwa vidoto vya umeme. Dakika chache umemaliza. Lakini kipande kimoja cha Ti-6Al-4V, yaani titani iliyochanganywa na alumini na vanadi, kilikatika mapema mno, na nilipokiweka chini ya darubini nikaona ufa umeanzia kwenye kidoto. Titani ikipata moto mkali hewani hunywa oksijeni, na pale ilipochomwa huwa ngumu na rahisi kupasuka. Kumbe tulikuwa tunapima jeraha tulilolitia wenyewe! Iliniuma sana.

Tangu siku hiyo natumia M-Bond 610, na sehemu kubwa ya siku inaliwa na maandalizi. Msasa namba 400, mkono mwepesi. Alama za mahali pa geji nazichora kwa kalamu ya wino, kamwe si kwa sindano ya chuma, maana mkwaruzo mmoja unatosha kuanzisha ufa. Kusafishia ni alkoholi ya isopropili. Methanoli, alkoholi ya aina nyingine, usiiguse: mwaka 1966 matangi ya titani ya mradi wa Apollo yalipasuka yakijaribiwa nayo. Viyeyusho vyenye klorini havifiki mezani kwangu, na glavu sivui, kwa sababu jasho lina chumvi, na chumvi nayo ina klorini.

Gundi yenyewe huja chupa mbili. Unachanganya, unasubiri saa nzima, unapaka utando mwembamba, unauacha ukauke, kisha unabana geji kwa kipande cha mpira wa silikoni. Oveni nyuzi 175 za Selsiasi, saa mbili. Kwa titani joto hilo si kitu. Ikitoka, gundi ni utando unaopitisha mwanga, huwezi kuuhisi kwa kucha. Vipande vilivyofuata vilikatikia kwenye tundu la boliti, palepale tulipotarajia, mbali na geji.

Kasoro zipo. Ikishachanganywa inadumu kama wiki sita tu nje ya friji, na kipuri lazima kienee kwenye oveni. Bawa lililokwishafungwa kwenye ndege ndiyo basi. Hapo narudi kwa M-Bond 200, gundi nyingine inayoshika bila moto, ingawa unyevu huidhoofisha kadiri siku zinavyokwenda.