TanzLII kwa anayetaka kufungua upya kesi aliyoiondoa

Kwa mtu wa Tanzania aliyeondoa shauri la madai mahakamani na sasa anataka kujua amebakiwa na muda gani, tovuti ya TanzLII ndiyo pa kuanzia. Kusoma ni bure, na sheria zimewekwa pamoja na hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Ila jibu lake limegawanyika katika sheria mbili, na anayeishia kwenye moja huumia.

Fungua kwanza Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, Amri ya XXIII. Kwa kanuni ya 1, mdai anayetaka kurudi lazima aombe ruhusa ya kufungua upya, na ahakikishe imeandikwa kwenye amri ya mahakama. Akiondoa bila ruhusa, hawezi kudai tena jambo lilelile, na huenda akalipa gharama. Kanuni ya 2 ni fupi lakini ndiyo ya hatari: muda unahesabiwa kana kwamba shauri la kwanza halikuwahi kufunguliwa.

Kisha nenda Sheria ya Ukomo, yaani ya muda wa mwisho wa kufungua kesi, Sura ya 89. Jedwali linatoa miaka 6 kwa mkataba, 3 kwa madai ya madhara, 12 kwa kurejesha ardhi. Tuseme mkataba ulivunjwa Machi 2019, kesi ikafunguliwa Juni 2022, ikaondolewa kwa ruhusa Agosti 2024. Mwisho unabaki Machi 2025. Ruhusa haikuzalii miaka 6 mipya, na ingetolewa Aprili 2025 isingekufaa kitu.

Kifungu cha 21 kinaokoa wachache. Kama ruhusa ilitolewa kwa sababu mahakama ya kwanza haikuwa na mamlaka, au kasoro ya aina hiyo, muda uliotumika huko unatolewa kwenye hesabu, mradi mdai aliendesha kesi kwa bidii na nia njema. Hati ya madai iliyoandikwa ovyo haiingii humo kirahisi. Ukichelewa, kifungu cha 3 kinataka shauri litupwe. Kifungu cha 14, cha mahakama kuongeza muda, hakikusaidii, maana kinahusu rufaa na maombi. Kwa shauri, njia ni Waziri anayehusika na sheria chini ya kifungu cha 44, naye hawezi kuongeza zaidi ya nusu ya muda wa kawaida.

Namba hizi ni za toleo la 2019, kwa hiyo angalia toleo linalotumika kabla ya kunukuu. Hukumu nyingi ziko kwa Kiingereza. Ukitafuta kwa Kiswahili pekee utapitwa na zilizo muhimu. Anza na zenye alama TZCA, yaani za Mahakama ya Rufani, kwa sababu zinazifunga mahakama za chini. Na kama kesi yako ilikuwa Mahakama ya Mwanzo, usiipime kwa Amri ya XXIII, kwani huko kuna kanuni zake.