TanStack Query 5: chombo bora, ila mipangilio yake ya awali irekebishwe kwanza

Wanaojenga kurasa kwa React (maktaba ya JavaScript) na kubeba hali za maombi ya seva kwa zana zake za useState na useEffect pekee hujikuta na vigeu vitatu kwa kila ombi (data, kusubiri na kosa), na bado hitilafu mbaya kuliko zote inabaki palepale. Mtumiaji anatafuta "Mo", kisha anaendelea hadi "Moshi". Jibu la "Mo" linachelewa njiani, linafika la mwisho na kufuta orodha iliyokuwa sahihi. TanStack Query, maktaba ya kuleta na kutunza data ya seva iliyoanzishwa na Tanner Linsley kwa jina la React Query, inaliondoa tatizo hilo kwa ufunguo, yaani jina la kila data: ['miji', neno]. Kila neno lina sehemu yake kwenye akiba (cache), kwa hiyo jibu lililochelewa halina pa kuharibu. Kwa jambo hili moja tu, inastahili kuwekwa kwenye mradi wowote wenye kurasa kadhaa zinazosoma data ya seva. Ni ya bure, kwa leseni ya MIT.

Ila usiipeleke kwa watumiaji kama ilivyo. Ombi likishindwa, hurudiwa mara 3, kwa kusubiri sekunde 1, kisha 2, kisha 4. Maana yake ukurasa usiokuwepo, wenye jibu la 404, utamweka mtu akitazama duara linalozunguka kwa sekunde 7 na zaidi, bila faida yoyote. Upe mpangilio wa retry (kurudia) fungsheni inayorudia hitilafu za mtandao na zile za seva, za 500 kwenda juu, tu. Na kumbuka kwamba fetch, njia ya kivinjari ya kutuma maombi, huihesabu 404 kuwa imefaulu; usipoandika mwenyewe if (!jibu.ok) throw..., maktaba haitajua kabisa kwamba kuna kosa.

staleTime, muda ambao data huhesabiwa kuwa mpya, huanza na 0, yaani data huhesabiwa kuukuu mara tu inapofika, na kila mara mtu anaporudi kwenye kichupo ombi jipya linatumwa. Kwa anayetumia bando la simu, hayo ni malipo. Dakika 1 au 2 zinatosha kwa orodha za bidhaa au wasifu. Ukurasa wa malipo ndio uachwe na 0: mteja anatoka kusoma ujumbe wa M-Pesa, anarudi, na hali ya malipo inaulizwa upya papo hapo. Hapo ongeza refetchInterval ya 3000, yaani kuuliza tena kila sekunde 3, na uizime hali ikishakuwa "imelipwa".

Kosa tunaloliona zaidi kwenye misimbo ya watu ni mpangilio wa masharti. Wanaanza kuangalia isError (je, kuna kosa?), kisha data. Ombi la kusasisha likishindwa chinichini, hali hugeuka kuwa error ingawa data ya zamani bado ipo, na ukurasa mzima uliokuwa ukisomeka vizuri unageuka ujumbe mwekundu. Angalia data kwanza. Hitilafu iwe tangazo dogo juu yake.

Mtandao ukikatika kabla ombi halijaanza, ombi halishindwi bali husimamishwa: status (hali ya data) inabaki pending, yaani inasubiriwa, na fetchStatus (hali ya ombi lenyewe) inakuwa paused, yaani limesimama. Usiposoma hiyo ya pili, duara litazunguka hadi mtandao urudi. Mwandikie mtu wazi kwamba hana mtandao.

Wanaotoka toleo la 4 wana kazi kidogo. cacheTime, muda wa kutunza data isiyotumika kwenye akiba, sasa inaitwa gcTime (bado dakika 5), na React 18 au toleo jipya zaidi ni lazima. Kilichouma wengi ni kuondolewa kwa onSuccess na onError (fungsheni zinazoitwa ombi likifaulu au likishindwa) kwenye useQuery, inayosoma data, uamuzi tunaoukubali, kwa sababu vijenzi (components) viwili vyenye ufunguo mmoja vilikuwa vikionyesha tangazo lile lile mara mbili. Hamishia matangazo ya hitilafu kwenye onError ya QueryCache, akiba ya pamoja ya maombi yote. Kwenye useMutation, inayotuma mabadiliko kwa seva, onSuccess na onError bado zipo, na huko maombi hayarudiwi yenyewe; usiwashe retry kwa malipo mpaka seva iweze kutambua ombi lililojirudia.