EnergyPlus kwa nyumba za pwani: iambie habari za upepo kwanza

Huu ni mwaka wangu wa nne natumia EnergyPlus kuchagua ukubwa wa viyoyozi vya nyumba hapa Dar es Salaam. Ni programu ya bure ya Wizara ya Nishati ya Marekani inayoiga kwa hesabu joto na matumizi ya nishati ya jengo, ipo tangu 2001, na kwenye laptopu yangu ya kawaida nyumba ya vyumba vitatu inamaliza saa zote 8,760 za mwaka kabla chai haijapoa. Naipa nyota nne kati ya tano.

Nyota ya tano imebaki Kigamboni. Mteja wangu, mama mtu mzima, alinipigia Februari: "Mwanangu, chumba kimepoa, lakini shuka mbichi." Kiyoyozi chake cha BTU 9,000 nilikichagua mimi. Kwenye modeli, hewa inayojipenyeza nilikuwa nimeiandikia 0.5, yaani nusu ya hewa ya chumba hubadilika kila saa, na vizidishi vinne vya fomula yake (cha kudumu, cha tofauti ya joto, cha upepo na cha upepo wa kipeo cha pili) nikaviacha vilivyokuja: cha kwanza 1, vingine sifuri. Kwa hiyo hewa iliingia kiasi kilekile mwaka mzima, upepo uwepo usiwepo.

Nikaenda na kipimo cha kaboni dioksidi. Tulikaa watu sita chumbani, mlango na madirisha yamefungwa, hadi kikasoma 1,800 (sehemu kwa milioni ya hewa), kisha tukatoka tukakiacha humo. Nje kilisoma 420. Usiku uliotulia kilishuka hadi 730 kwa saa nzima. Mchana kaskazi ikivuma, nusu saa tu ilitosha. Ukipiga hesabu ya logi unapata mabadiliko ya hewa 1.5 kwa saa usiku na 3 mchana. Chanzo ni madirisha yale ya vioo vyembamba vinavyopishana, ya kufungua kwa mkono wa chuma. Hata yakifungwa, karatasi inapita.

Mwongozo unatoa vizidishi mbadala. Kile cha DOE-2, programu ya zamani iliyoitangulia EnergyPlus, 0.224 kwa kila mita ya upepo kwa sekunde, hakikunifaa, maana upepo ukikatika hewa nayo inakatika kabisa, na dirisha la mama haliko hivyo. Nikaweka 3 kama kiwango cha juu, 0.29 ya kudumu na 0.14 ya upepo. Hapo modeli ikafanana na kipimo: upepo wa mita 5 kwa sekunde mchana, mita 1.5 usiku.

Matokeo ndiyo yaliyonifanya niipende upya programu hii, kwa sababu inatenganisha joto linaloletwa na hewa yenyewe na lile la mvuke uliomo ndani yake. Chukua usiku: nje nyuzi 27 na gramu 19 za maji kwa kilo ya hewa, ndani 25 na gramu 11. Chumba cha mita za ujazo 48, kwa mabadiliko 1.5, kinapokea kama wati 48 tu za joto la kawaida, lakini mvuke unaleta karibu wati 480. Mara kumi! Swichi ya kiyoyozi inahisi zile 48, inaona chumba kimepoa, inazima kompresa, na maji yanaendelea kuingia. Ndiyo zile shuka mbichi. Fundi aliyemshauri anunue cha BTU 18,000 angemwongezea tatizo: kingepoza haraka zaidi na kuzima mapema zaidi.

Ninachoilaumu programu ni kwamba inakaa kimya. Namba ya kudumu inapita bila onyo hata moja, ilhali makosa madogo ya jina la ukuta yanasimamisha kila kitu. Iko pia njia ya kina, ya mtandao wa mipasuko na shinikizo la upepo, ila inataka takwimu za uvujaji wa kila dirisha, na sijapata fundi wa alumini anayezitoa. Anayeanza apime kwanza kama nilivyofanya, ndipo aandike.

Kwa mama tuliziba kingo kwa silikoni na mpira, chumbani tu. Jikoni anapikia mkaa, huko sikugusa hata tundu moja, na mtu yeyote asiguse. Kipimo cha usiku sasa ni mabadiliko 0.7 kwa saa. Kiyoyozi ni kilekile cha BTU 9,000.