Kununua Tamasha la Muziki la Kutazama Nyumbani: Kipi Kitangulie kwa Mkazi wa Mombasa

Anayenunua tamasha la muziki la kutazama nyumbani hununua sauti kwanza na picha baadaye, na ndiyo sababu mpangilio wa njia za kununua ninaoutoa hapa haufuati ukubwa wa runinga. Filamu hutazamwa mara moja ikaisha. Tamasha zuri hurudiwa kila wageni wanapokuja, na watu waliolelewa na taarabu, ambao masikio yao yamezoea kuitenga fidla na ganuni ndani ya wimbo mmoja, hawatachukua muda kutambua kwamba wameuziwa sauti iliyokamuliwa, yaani iliyobanwa hadi ikapoteza ubora.

Nafasi ya kwanza naipa Blu-ray halisi, diski ya kizazi kilichofuata DVD, wala sisiti. Diski ya aina hiyo hubeba gigabaiti 25, au 50 ikiwa na tabaka mbili, ilhali DVD hubeba 4.7 au 8.5, na nafasi hiyo ya ziada ndiyo inayowezesha sauti kuhifadhiwa kwa mifumo kama DTS-HD Master Audio, ambayo huibana bila kupoteza chochote. Tofauti hudhihirika pale bendi nzima inaponyamaza na mwimbaji akabaki na kinanda peke yake: pumzi zake zasikika, mlio wa mwisho wafifia polepole hadi kuzimika, na shangwe za umati zabaki nyuma zinakostahili kuwa. Si lazima ununue mashine mpya ikiwa vijana wa nyumbani wana PlayStation 4, mashine ya michezo ya runinga, kwani nayo husoma Blu-ray za kawaida vizuri. PlayStation 5 yenye mlango wa diski husoma hata zile za 4K, zenye picha kali zaidi, ambazo PlayStation 4 haiziwezi.

Kabla ya kulipa, tazama alama ya eneo nyuma ya kasha, kwa maana diski na mashine nyingi hufungwa kwa eneo fulani la dunia, na zisipolingana diski haichezi. Kwa DVD, Kenya iko eneo la 5, Uingereza na Dubai ziko eneo la 2, na Marekani eneo la 1. Kwa Blu-ray, Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati zote ni B, na Marekani ni A. Kwa hiyo mjomba aliye London akikutumia Blu-ray, itacheza bila taabu katika PlayStation iliyoletwa kutoka Dubai, lakini akikutumia DVD, mashine iliyofungwa kwa eneo la 5 itaikataa.

Nafasi ya pili ni DVD halisi, na hapa najua wapo watakaonipinga kwa kuiona imepitwa na wakati. Matamasha mengi ya miaka ya 1980 na 1990 yalirekodiwa kwa kanda za video, hivyo picha yenyewe haina uangavu ambao diski kubwa zaidi ingeuongeza. Tamasha la Michael Jackson la Wembley la Julai 1988, lililotolewa kwa DVD mwaka 2012, lilitokana na kanda ya VHS, na hakuna diski yoyote duniani ambayo ingelisafisha likawa kama la leo. DVD nyingi za matamasha zina faida moja ambayo wanunuzi huipita: katika menyu ya sauti huwekwa PCM Stereo, sauti ya spika mbili, kando ya Dolby 5.1, sauti ya spika sita. Aliye na wufa ya kawaida yenye spika mbili na achague PCM, kwa sababu haijabanwa. Ile ya 5.1 imebanwa sana, nayo imetengenezewa spika ambazo hanazo.

Diski za mitumba zina thamani kubwa ukijua kuzikagua. Igeuze diski na uielekeze kwenye mwanga: iliyotoka kiwandani hung'aa rangi ya fedha, na DVD iliyochomwa na kompyuta ya mtu huonyesha urujuani. Mikwaruzo inayotoka katikati kuelekea ukingoni si ya kutisha, bali ile inayozunguka kufuata mviringo ndiyo huikwamisha mashine. Mimi mwenyewe nilinunua moja katika duka fulani la mjini, kasha lake limefungwa kwa nailoni kana kwamba ni jipya, na ikakwama wimbo wa sita mbele ya wageni; tangu siku hiyo sinunui bila kulifungua kasha papo hapo.

Ya tatu ni kulipia Netflix, na kwa asiye na mashine ya diski ndiyo njia rahisi ya kuanzia. Homecoming ya Beyoncé, iliyotokana na maonyesho yake ya 2018 katika Coachella, tamasha kubwa la Marekani, imo humo tangu Aprili 2019, na imetengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Hesabu bando lako vizuri, kwa kuwa picha ya HD hula hadi gigabaiti 3 kwa saa, na kumbuka kwamba ukiacha kulipa hutabaki na kitu.

Chaneli rasmi za wasanii katika YouTube naziweka nafasi ya nne. Zitumie kuonja nyimbo mbili tatu kabla ya kununua.

Kujaziwa flashi kwenye duka la muvi sikupi nafasi yoyote. Tamasha la saa mbili hukamuliwa likaingia chini ya gigabaiti moja, besi ikawa mngurumo na matoazi yakasikika kama mchanga unaomwagwa juu ya bati, na msanii aliyefanya mazoezi kwa miezi hapati hata senti. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakataza nakala hizo, lakini hata isingekuwapo, fedha hiyo ingekuwa imepotea.

Ukishanunua, jihadhari na hewa yetu ya pwani. Masika, karatasi iliyo ndani ya kasha hunyonya unyevu na kuvu huota juu ya plastiki. Kusanya vile vipakiti vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu, uvitie katika kisanduku cha kufungika pamoja na diski zako, na kila unapopangusa diski tumia kitambaa laini cha pamba, ukianzia katikati na kutoka nje kwa mstari ulionyooka.